Si bawasiri, na hajarogwa

Wadau, leo naandika jambo ambalo vijiweni halitajwi. Rafiki yangu mmoja (kaniruhusu, jina nalibana) alipata jipu pembeni ya njia ya haja kubwa. Ofisini akawa anakalia tako moja. Tukimuuliza, anasema mgongo.

Hospitali wakalipasua, usaha ukatoka, akaambiwa umepona, nenda. Miezi mitatu baadaye pale pale pakaanza kutoa majimaji na kuchafua nguo. Shangazi akasema karogwa. Jirani akamuuzia dawa ya bawasiri. Hela ikaenda.

Hapo ndipo ninapowalaumu madaktari wetu. Si kwa kupasua, maana kupasua ndiyo tiba yenyewe. Usaha uliofungiwa haumalizwi na vidonge peke yake. Nawalaumu kwa kukaa kimya. Jipu la namna hii huanzia kwenye vitezi vidogo vya ndani, na kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu, pengine zaidi, hubaki kijinjia kutoka ndani hadi kwenye ngozi. Hiyo ndiyo fistula. Siyo ile ya uzazi jamani, hii huwapata wanaume zaidi. Ingechukua dakika mbili kumwambia.

Na kuitibu kuna mtego. Kijinjia kikiwa cha juujuu, kinachanwa chote na kidonda kinaachwa wazi kijijaze kuanzia chini. Kikipita kwenye msuli unaobana haja, ukikata kwa pupa fistula inapona lakini mtu anaanza kujichafulia. Ndiyo maana wengine huwekewa uzi kwa wiki au miezi, wakapasuliwa kwa awamu. Anayekwenda taratibu anaweza kukuita tena kisuni, na bado akawa ndiye daktari mzuri.

Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipasuliwa fistula hii Novemba 1686, baada ya daktari wake kufanyia mazoezi wagonjwa wengine kwanza (maskini wale!). Desemba akachanwa tena, kidonda kilikuwa hakifungi vizuri. Mfalme huyo.

Rafiki yangu sasa ana uzi. Safari hii wamempima kisukari, kifua kikuu na VVU. Mara ya kwanza hakuna aliyeuliza. Jumatatu anarudi kliniki. Kazini bado wanajua ni mgongo.

Mnasemaje wadau?