Nyama ya ugenini ije na majira yake

JIKO NA MAJIRA
Na Zuhura Mbwana

Mapishi ya nyama ya kila pembe ya dunia yanaingia majumbani mwetu kupitia simu, na mimi nayakaribisha. Kinachonikera ni kwamba yanaingia bila majira yake. Mtu wa Dar es Salaam anapika kondoo wa Beijing, yule wa vipande vyembamba vinavyochovywa kwenye mchuzi unaotokota mezani, katikati ya Februari, shati limemgandia mgongoni. Wenyewe humpenda zaidi wakati wa baridi kali, usiku ambao maji huganda nje. Kondoo huyo apikwe Makete mwezi wa Julai, ambako kuna asubuhi umande huwa barafu. Kariakoo wakati wa kaskazi, mwili unataka kitu kingine.

Kwa hilo, wa kuwaiga ni Wakorea. Kalenda yao ya jadi ina siku tatu za kilele cha joto, chobok, jungbok na malbok, zinazoangukia kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti. Siku hizo watu wa Seoul hupanga foleni migahawani kusubiri samgyetang: kuku mchanga mzima, aliyejazwa mchele wa kunata, vitunguu saumu, kunazi nyekundu zilizokaushwa na mzizi wa ginseng, akachemshwa mpaka nyama inaachia mfupa. Huletwa ndani ya chungu, supu bado inachemka. Wanasema joto huondolewa kwa joto.

Je, ni kweli? Kwa sharti. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walionyesha kuwa mtu anayekunywa maji ya moto huku akifanya mazoezi hutoka jasho zaidi, na mwili wake huhifadhi joto kidogo, mradi jasho hilo lote likauke. Sisi wa pwani tunakwama hapo. Hewa yetu imejaa unyevu, jasho linachuruzika tu mpaka kiunoni.

Kwa hiyo faida ya samgyetang naiona kwingine. Joto likizidi, hamu ya kula hupotea, na supu ndiyo inayopita kooni kwa urahisi, ikirudisha maji na chumvi vilivyotoka na jasho. Haina kukaanga, haina mafuta ya kukutia uzito mchana kutwa. Ila kuku mzima kwa mlaji mmoja, kama wanavyofanya wao, ni nyingi mno kwetu. Protini hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake katika kumeng'enywa tu, na nishati hiyo hugeuka joto mwilini. Ndiyo maana sinia la nyama choma la saa saba mchana, mwezi wa Februari, humwacha mtu akihema. Kuku mmoja mdogo agawanywe kwa watu wawili, hata watatu.

Tafuta kuku wa kisasa asiyefika kilo moja. Kuku wa kienyeji aliyekomaa atachelewa kulainika, na mchele utageuka uji. Loweka nusu kikombe cha mchele kwa saa moja, changanya na punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na kunazi kavu ukizipata. Za kwetu si zile za Korea, lakini mikunazi hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Mjaze kuku mchanganyiko huo tumboni, ila usimshindilie; mchele unavimba, na ukibanana wa katikati hauivi. Kisha chana kidogo ngozi karibu na paja moja, pitisha ncha ya mguu wa pili hapo, na tumbo litajifunga lenyewe. Mfunike kwa maji, yakichemka engua povu, punguza moto, mwache saa nzima. Ukitoboa paja, maji yanayotoka yasiwe na wekundu hata kidogo. Ginseng mimi naiacha, na anayetumia warfarin au dawa za kisukari asiiguse kabla ya kuongea na daktari wake.

Naomba sana tuangalie kiporo. Sufuria la supu linaloachwa jikoni tangu mchana hadi usiku wakati wa kaskazi ni shamba la vijidudu. Kikibaki chakula, toa mchele tumboni mwa kuku, maana hapo katikati joto hukaa muda mrefu, tandaza kwenye chombo kipana, na kila kitu kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita.

Chumvi Wakorea huiweka mezani, pembeni, pamoja na pilipili manga, kila mtu akachovya nyama yake anavyotaka. Tufanye vivyo hivyo. Meza moja ya kwetu hukaliwa na kijana aliyeshinda juani akibeba mizigo, ambaye chumvi ile anaihitaji, na mama yake mwenye presha, ambaye ameshakatazwa.