Usimharakishe Fundi Kati ya Rangi na Klia

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, pikipiki na kirikuu hapa Nkowe huanza kubadilika rangi. Mkulima amelipwa, anataka chombo chake kipendeze, na anakitaka leo leo. Miezi michache baadaye rangi inabanduka na lawama zote zinamwangukia fundi. Mimi sikubaliani na hilo. Nusu ya kosa ni letu wenye vyombo.

Najua mtasema bwana shamba ameingia gereji kufanya nini. Nimeingia kwa sababu hela inayopotea pale ni ileile ya korosho tuliyoihangaikia pamoja shambani.

Shemeji yangu alinunua kirikuu iliyotumika, akampa fundi aipige silva. Rangi ilipigwa saa kumi jioni, na kabla ya klia umeme ukakatika. Kesho yake fundi alikuwa msibani. Siku ya tatu asubuhi shemeji akafika mbio: "Fundi, malizia klia niondoke, mzigo unanisubiri." Fundi akafuta vumbi kwa kitambaa, akapiga klia. Gari liling'aa kweli. Msimu uliofuata, wakati tunapuliza salfa, klia ya boneti ikaanza kutoka vipande vipande. Ukiingiza ukucha unavua kama ngozi ya nyoka, na silva chini yake imebaki salama kabisa.

Hiyo silva iliyobaki ndiyo inayosema kilichotokea. Rangi haikukataa kushika bati, ila klia ilikataa kushika rangi. Rangi ya aina hii hukauka kwa thina kutoka tu. Klia hukomaa kwa kuchanganywa na hadna. Klia ikiikuta rangi ingali changa, huilainisha kidogo kwa juu na vyote viwili vikashikana. Rangi ikishalala siku mbili inakuwa imefunga, na klia inakaa juu yake kama nailoni juu ya meza. Watengenezaji wengi huweka mwisho wa kusubiri saa 24, wengine chini ya hapo. Ukipitisha muda huo, dawa yake ni kukwangua juu juu kwa msasa laini sana, kufuta, kupiga mkono mmoja mwingine wa rangi, kisha klia. Kwa silva usikwangue halafu ukapiga klia moja kwa moja, utapata mabaka. Klia haifichi mkwaruzo, inauonyesha zaidi.

Kosa la pili ni kuwahi, na hili nililifanya mimi. Tangi la pikipiki yangu nilimsimamia fundi kichwani, mara rangi mara klia, kwa sababu jenereta ilikuwa inakula petroli yangu. Thina iliyobaki chini ikakosa njia. Ilipolazimisha kutoka, ikaacha vitundu kama vya sindano, na mng'ao ukafubaa ndani ya wiki moja. Jua letu la mchana nalo linadanganya: juu panakauka haraka, chini bado kubichi. Kivuli cha mwembe kinatamanisha, lakini mwembe hudondosha utomvu, na ndege ndio balaa zaidi. Bora banda lenye paa, sakafu imenyunyiziwa maji ili vumbi lilale.

Muda wenyewe si siri. Baada ya kila mkono wa rangi, subiri hadi unyevu wote upotee na rangi ifubae sawasawa. Kwa kawaida dakika 5 hadi 10. Baada ya mkono wa mwisho, dakika 15 hadi 30 ndipo klia. Siku za mvua na unyevunyevu ongeza. Maelezo ya kwenye kopo yakisema tofauti, fuata kopo, usinifuate mimi. Kupima, usiguse gari: gusa rangi iliyorukia kwenye tepu au gazeti la kuzibia vioo. Ikichafua kidole au ikivuta nyuzi, bado.

Mbona kwenye mikorosho tunaelewa? Salfa ya unga tunarudia baada ya siku 14, dawa za maji baada ya siku 21, na hakuna anayepuliza raundi mbili siku moja ili awahi mnada.

Sasa suala la malipo, maana ugomvi unaanzia hapo. Ninavyoona mimi, mpelekee fundi gari asubuhi, si saa tisa, ili rangi na klia viishe siku hiyohiyo. Nunua rangi ya ziada kidogo, ibaki akiba kwenye kopo lililofungwa vizuri. Umeme ukikatika katikati na muda ukapita, mwenye gari alipie ule mkono wa kurudia. Wapo watakaosema umeme si kosa lao. Si kosa la fundi pia, na mkono mmoja wa rangi ni nafuu kuliko kuvua boneti nzima. Lakini fundi anayejua muda umepita akanyamaza, huyo alipe mwenyewe. Ujuzi wake ndio tunaoununua, na kusema "bosi, hapa haiwezekani" ni sehemu ya ujuzi huo.

Jambo jingine dogo: hadna ya klia ina kemikali inayoumiza mapafu, na kitambaa puani hakiizuii. Fundi avae barakoa yenye vichujio vya kemikali, na watoto wasisogee kutazama.

Boneti ya shemeji imeshapigwa msasa yote. Anasubiri mnada wa kwanza. Safari hii amekubali kuliacha gari siku mbili nzima, na kopo la akiba amelinunua mwenyewe.