Akiba ya Kaya Yaanzia Jikoni

Katika kaya nyingi za mijini nchini Tanzania, mkaa hununuliwa kwa kopo, siku kwa siku. Utaratibu huo huendana na kipato cha kutwa, lakini ndio unaoifanya familia yenye uwezo mdogo kulipa zaidi kwa kila kilo kuliko ile inayomudu gunia.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo huelezwa zaidi kwa hoja za afya na misitu. Jikoni, hesabu ya fedha ndiyo huamua.

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva katika jiko la umeme la presha kwa chini ya uniti moja. Mteja wa daraja D1 hutozwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350. Kaya inayopika kila mlo kwa umeme yaweza kuvuka kikomo hicho, na unafuu ukayeyuka. Ni busara basi umeme uachiwe vyakula vinavyochelewa kuiva, kama maharage na makande, na ugali ubaki kwenye gesi.

Kikwazo kikubwa ni bei ya jiko lenyewe. Asiyemudu gunia la mkaa hawezi kulilipia kwa mkupuo. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyokusanya hisa kila wiki, vinaweza kuligharamia kwa mwanachama mmoja baada ya mwingine.