Mwongoza watalii ni fundi, siyo dereva mwenye kofia

Wadau, juzi nilikuwa Kilosa kikazi. Kilosa ni wilaya ambayo sisi waandishi tunaikumbuka kukiwa na mafuriko, au wakulima na wafugaji wakitoana damu, basi. Safari hii nilikwenda kwa habari za mahindi. Nilishuka kwenye treni ya SGR, hii ambayo tangu Julai 2024 inafika hadi Dodoma, na behewa letu lilikuwa na wageni waliokuwa wanakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Magari ya kampuni yalikuwa yanawasubiri nje ya stesheni. Vijana wa Kilosa nao walikuwepo. Walikuwa wanabeba mabegi.

Ninataka kuwazungumzia hao wabeba mabegi.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inasema kazi ya kuongoza watalii ni ya Mtanzania, na lazima awe na leseni. Safi kabisa, tunapiga makofi. Sasa niambieni, kijana aliyemaliza kidato cha nne pale Mikumi, ambaye amekua akisikia simba usiku, anapita njia gani mpaka aipate kazi hiyo? Niliuliza swali hili kwa watu wengi, Kilosa na Mikumi. Majibu niliyopewa ni mawili. La kwanza: "Aende chuo, Arusha au Dar." Yaani ada, nauli, chumba cha kupanga, halafu akimaliza azunguke na bahasha ya kaki. La pili: "Ajuane na mtu kwenye kampuni." Hili la pili lilisemwa kwa sauti ya chini, lakini ndilo lililosemwa mara nyingi zaidi.

Na huyo aliyekwenda chuo amepimwa wapi? Kwenye karatasi. Anaweza kukuandikia kurasa nne kuhusu umuhimu wa utalii katika pato la taifa bila kuwahi kukaa na wageni sita ndani ya gari, asubuhi, tembo akiwa amesimama katikati ya njia na masikio ameyatanua. Kisha kuna kile kinachoitwa mafunzo kwa vitendo, ambapo kijana anaosha magari ya kampuni miezi mitatu, anajilipia chakula mwenyewe, na mwishoni anapigiwa muhuri. Tunamwita mhitimu.

Nitoe mfano. Nilipata nafasi kwenye gari moja kuingia hifadhini (sitaitaja kampuni, nisije kuburuzwa mahakamani na mshahara wenyewe mnaujua). Mama mmoja Mzungu akauliza jina Mikumi limetoka wapi. Dereva wetu, kijana mtanashati mwenye kofia ya safari na darubini shingoni, akajibu kwamba ni jina la chifu wa zamani. Chifu! Jioni nikamuuliza dogo anayeuza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori ya Zambia na Kongo pale mjini Mikumi. Hata hakufikiri. Akanyoosha kidole: "Si ile minazi-pori pale, bro? Ile ndiyo mikumi." Ni kweli, hifadhi imepewa jina la mti huo, jamii ya mitende. Aliyejua anauza mayai. Asiyejua alipewa bahashishi ya dola ishirini.

Najua kuna watakaosema dogo wa mayai hana Kiingereza. Kweli hana. Lakini Kiingereza kinafundishika. Na kumjua mnyama nako kunafundishika, ndiyo maana sisemi mzawa apewe kazi kwa sababu tu ni mzawa. Nasema ajengewe ngazi ya kupandia.

Majirani zetu wanayo. Kenya wana chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, tangu mwaka 1996. Unaanza na daraja la shaba, unapanda la fedha, halafu dhahabu, na dhahabu wameipata wachache mno. Afrika Kusini wana FGASA tangu 1990: mtihani wa kuandika upo, lakini hupiti mpaka mkaguzi akae nawe porini akuangalie unavyoongoza wageni.

Twende mbali zaidi, huko kwenye theluji. Ufaransa huwezi kumfundisha mtu kuteleza kwenye theluji kwa malipo kama huna diploma ya serikali au cheti inachokitambua. Na cheti cha juu hakipatikani kwa kukariri: unashuka mlima huku saa inahesabu, na muda wako unalinganishwa na wa mtelezaji hodari. Lakini tazama Austria wanavyomwingiza anayeanza. Anapewa kozi fupi, siku kama kumi hivi, halafu anaajiriwa kufundisha watoto na wanaoanza. Analipwa, msimu ukiisha anarudi darasani kutafuta daraja la pili. Anapanda huku anakula.

Na msidhani hao walizaliwa mabwana. Chamonix kilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji. Mwaka 1820 watatu kati ya waongozaji wao walikufa kwenye poromoko la theluji wakiwapandisha wageni mlimani. Mwaka uliofuata wanakijiji wakaunda chama chao, wakaweka taratibu za nani aongoze na kwa zamu gani, na kwa miaka mingi mtu wa kuja hakuingia. Walikataa kubeba mizigo ya wageni kwenye mlima wao wenyewe halafu wengine wachukue heshima na hela.

Sisi tunakosa nini? Mikumi ni hifadhi tangu 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu inaipasua kwa kilometa kama 50. SUA iko Morogoro, mwendo wa saa moja na nusu. VETA wana chuo mjini Mikumi penyewe. Nyani wa Mikumi wamechunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1970. Elimu ipo, imelala kwenye majarida ya Ulaya. Askari wa TANAPA wanaoujua uwanda wa Mkata kama kiganja cha mkono wapo. Wageni wapo, wengine wanaruka kwa ndege kutoka Zanzibar asubuhi na kurudi jioni kula pweza.

Kinachokosekana ni Wizara ya Maliasili na Utalii kukaa chini na kutangaza madaraja matatu ya nchi nzima, mtihani ufanyike porini, msahihishaji awe mwongozaji mzee na askari wa hifadhi, na anayeanza awe na haki ya kulipwa tangu siku ya kwanza. Wasiseme hakuna hela. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 mwaka 2017 kwa mradi wa REGROW wa utalii wa Kusini, Mikumi ikiwemo, na mradi ukafutwa Novemba 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wa Ruaha kuhusu kuonewa. Mtihani wa porini unahitaji gari moja, mafuta, na wazee wawili wasiohongeka.

Hapo kwenye wasiohongeka najua mnacheka. Chekeni, lakini treni ya kesho asubuhi inakuja na wageni wengine, na dogo wa mayai ana miaka kumi na tisa.