Singida Mjini: Tunabana matumizi, lakini hela inavujia kwenye vipimo

Mei Mosi 2025 macho ya nchi yalikuwa Singida. Pale viwanja vya Bombadia, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Baadaye mwaka huohuo serikali ikatangaza na kima cha chini cha sekta binafsi: kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari 2026.

Kwa mwenye ajira rasmi, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini tembea Singida Mjini uhesabu wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi. Dereva bodaboda, mama lishe, mbeba magunia ya vitunguu pale soko la Misuna, fundi cherehani, muuza kuku stendi: hawa wanapata hela ya leo leo. Nyongeza haiwafikii, ila bei za dukani zinawafikia wote.

Ndipo unaposikia ule ushauri wa kila siku: bana matumizi. Acha soda, punguza bando, usipande bodaboda, tembea. Siyo ushauri mbaya. Tatizo ni kwamba familia nyingi zilishaacha hivyo vitu zamani, na hela bado haitoshi. Kinachozimaliza si anasa. Ni namna zinavyolazimika kununua: kidogo kidogo, wakati bei iko juu, na mara nyingine kwa hela ya mkopo.

Kwanza, kwa nini takwimu na mfuko havipatani?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inasema mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Ukilinganisha na nchi nyingi, hizo ni namba ndogo. Mtaani watu wanacheka wakizisikia.

Namba si za uongo, ila zinasomwa vibaya. Mfumuko ukishuka haina maana bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba zinaendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo. Zidisha hiyo miaka minne kwa pamoja: kapu la vitu lililokuwa Sh10,000 mwaka 2020, mwaka 2024 lilikuwa linakaribia Sh11,600. Kama kipato chako kimesimama palepale, unapungukiwa zaidi ya Sh1,500 kununua kapu lilelile la Sh10,000.

Jambo la pili ni lile kapu lenyewe. Katika hesabu za NBS, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Huo ni wastani wa nchi, tajiri na maskini pamoja. Nyumba ya kipato kidogo inatumia sehemu kubwa zaidi ya hela yake kwenye chakula. Kwa hiyo unga, mafuta na maharage vikipanda, nyumba hiyo inaumia kuliko namba ya kitaifa inavyoonyesha.

Jero ya mafuta ni ghali kuliko lita

Singida ni mkoa wa alizeti. Mashine za kukamua ziko mjini hapahapa, na mafuta yanapangwa kando ya barabara kwa abiria wa mabasi. Bado ukiingia mtaani jioni utakuta watu wananunua mafuta ya kupima, ya jero.

Chukua mfano. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu, weka za mtaani kwako. Tuseme lita moja inauzwa Sh6,000, na kipimo cha Sh500 kina mililita 70. Ukinunua kwa vipimo, mpaka ufikishe lita umenunua mara 14 na zaidi, na umelipa kama Sh7,140. Hapo umeongeza Sh1,140, karibu asilimia 19, kwa mafuta yaleyale. Nyumba inayotumia lita 3 kwa mwezi imeacha dukani zaidi ya Sh3,400. Fanya hesabu hiyo kwa sukari ya robo, unga wa nusu kilo, mkaa wa kopo na sabuni ya kipande, ndipo utajua hela inapita wapi.

Muuza duka si mwizi. Naye ana kodi, ana mafuta yanayomwagika akipima, ana wateja wa "andika nitalipa kesho". Lakini matokeo ni kwamba mwenye hela kidogo analipa bei kubwa zaidi kwa kitu kilekile. Anayelipwa kwa siku, ananunua kwa siku.

Luku ya pamoja nayo inakula

Umeme una hadithi hiyohiyo. Mteja mdogo wa nyumbani, aliye kwenye kundi la D1, analipa bei ya msingi ya Sh100 kwa uniti, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kundi la T1, bei ya msingi ni Sh292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, mchango wa REA asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1. Yaani uniti 75 za D1 kabla ya makato hayo ni Sh7,500. Kwa T1 ni Sh21,900.

Sasa angalia nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja. Kila chumba kina taa mbili, simu ya kuchaji na redio. Peke yake kila mpangaji angekuwa D1. Wakiwa pamoja wanavuka uniti 75, na wote wanalipa bei ya mtumiaji mkubwa. Hapo unaweza kuzima taa mapema kila usiku na bado usione nafuu, kwa sababu shida si taa yako. Shida ni mita.

Wapangaji wa aina hii wana mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kumuuliza mwenye nyumba mita iko kundi gani, na kama inawezekana kuongeza nyingine. La pili ni kukubaliana mapema nani ana friji, nani ana pasi, na mchango uendane na matumizi. Anayepika kwa jiko la umeme hawezi kuchangia sawa na mwenye taa moja.

Msimu ndio bei

Singida ina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili. Mavuno yakishaingia, Juni na Julai, mahindi, mtama na uwele vinajaa sokoni na bei inalegea. Ikifika Januari, Februari na Machi, maghala yamepungua, mashamba bado mabichi, bei iko juu. Ndio miezi hiyohiyo ambayo ada, sare na madaftari vimeshapita na hela. Elimu bila ada imepunguza mzigo tangu 2016, lakini sare na daftari bado ni za mzazi.

Kila mtu Singida anaijua hii kalenda. Anayefaidika nayo ni mwenye mtaji wa kununua Julai na mahali pa kuhifadhi. Tuseme gunia la kilo 100 ni Sh60,000 Julai na Sh100,000 Februari. Tofauti ya Sh40,000 inaenda kwa mfanyabiashara aliyesubiri. Hakuna kubana bando kutakakokurudishia Sh40,000 kwa gunia.

Kuhifadhi nako kuna masharti. Dumuzi, mdudu aliyegunduliwa nchini huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa, inasaidia bila kuweka dawa. Lakini mahindi lazima yawe yamekauka vizuri. Yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya jirani ya Dodoma na Manyara. Rahisi ya mahindi mabichi inaweza kuishia hospitali.

Mkopo wa kuziba pengo

Hela ikikatika katikati ya mwezi, simu iko mkononi. Kuna programu za kukopa zinazotoa hela ndani ya dakika, na kuna watu wa mikopo kausha damu wanaozunguka mtaani. Hapa ndipo bajeti nyingi zinapofia.

Fanya hesabu. Unakopa Sh50,000, unatakiwa kurudisha Sh65,000 baada ya mwezi. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa Sh50,000 ni Sh1,750. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Kabla ya kubonyeza "kubali", hakikisha mkopeshaji ana leseni, na soma utarudisha shilingi ngapi kwa jumla. Neno "ada ya huduma" mara nyingi ni riba iliyovaa koti.

Bei ikishuka, nani analia?

Kuna ugumu mmoja ambao mji kama Dar es Salaam hauuoni haraka. Singida Mjini inaishi kwa hela ya mkulima. Alizeti na vitunguu vikilipa, vijijini wananunua mabati, nguo na pikipiki, na mjini biashara inachangamka. Visipolipa, maduka yanakaa kimya.

Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ikiagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula. Mafuta ya nje yakiwa rahisi, mnunuzi wa mjini anapumua. Lakini msimu wa 2022/23 bei ya alizeti iliporomoka, na wakulima wa kanda hii walilalamika kwamba mafuta ya nje yamewabana. Kwa hiyo kusema "bei zishuke tu" siyo jibu zima kwa mji huu. Mama lishe anataka mafuta ya bei nafuu, na wateja wake ni watu wanaotegemea alizeti iwe na bei nzuri.

Ndiyo maana pa kukata ni pale katikati: kwenye kipimo, kwenye hifadhi na kwenye riba. Hapo unaweza kupunguza gharama ya mlaji bila kumpunguzia mkulima kitu. Hata lumbesa, lile gunia la kupitiliza linalomnyonya mkulima wa vitunguu, ni tatizo la kipimo. Upande wa shamba kipimo kinajazwa mno, upande wa duka kinapunguzwa.

Nini kinawezekana kuanzia sasa

Mtu mmoja mwenye Sh5,000 kwa siku hawezi kununua gunia. Watu kumi wanaweza. Watu wa Singida wanajua vikoba, ila vikoba vingi vinagawana hela Desemba, na hela inaishia sikukuu. Jaribuni kubadili tarehe: mgao uwe Juni au Julai, na sehemu yake iwe mahindi na maharage badala ya noti. Kila mwanachama akiweka Sh500 kwa siku, siku sita kwa wiki, kuanzia Februari hadi mwisho wa Juni anafikisha zaidi ya Sh60,000.

Kila wiki, watu wanne au watano wa uwanja mmoja wanunue dumu la lita 5 za mafuta wagawane. Pimeni mbele ya wote, kwa chupa moja, ugomvi usiwepo.

Kuna vitu si vya kukata. Usipunguze chakula cha mtoto, mchango wa uji shuleni, wala dawa za mgonjwa wa presha au sukari. Ukipunguza hapo utalipa baadaye, tena zaidi. Ukitaka kushusha gharama ya sahani, badilisha aina: uji wa uwele au mtama, kunde, dagaa, mlenda. Mwili hauoni aibu ya mlenda.

Na halmashauri ina sehemu yake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, isiyo na riba, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Ni mikopo ya biashara, si ya kula. Lakini kikundi cha kina mama kinachonunua nafaka Julai, kinazihifadhi vizuri na kuziuzia mtaa wake Februari kwa faida ndogo, hiyo ni biashara kamili. Diwani wako akiitisha mkutano, muulize: vikundi vingapi vya aina hiyo vimepewa mkopo Singida Mjini, na vinahifadhi nafaka zao wapi?