Elimu Haina Mtoto wa Kambo

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ambayo sitaitaja jina, nilimsikia mzee mmoja mwenye heshima akisema maneno yaliyopigiwa makofi mengi. Alitaka chumba cha muziki kifungwe, zeze na ngoma zilizomo ziuzwe, na saa zilizokuwa zikitumiwa kwa historia na fasihi zigawiwe masomo yaletayo mkate. "Mwanangu," alisema, "hawezi kulipa kodi ya nyumba kwa mashairi, wala hawezi kwenda sokoni na wafalme waliokufa. Mfundisheni fedha, mengine atayajua akishashiba." Mwalimu wa muziki aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwapo, nami sikusema neno. Insha hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile, na kwa kuwa nimelichelewesha, sitalipunguza ukali.

Kwanza nimtendee haki mzee yule. Hakuwa mjinga wala bahili. Karo ni nzito, kazi ni chache, na mtu aliyeuza ng'ombe ili mtoto wake akae darasani ana haki ya kuuliza ng'ombe huyo atarudi kwa njia gani. Swali lake ni halali kabisa. Ninalolipinga ni jibu lake. Yeye aliiona elimu kama mama mwenye mtoto mmoja wa kuzaa na wengine wa kambo: somo la fedha ndilo la kuzaa, lenye haki ya kula mezani, historia, fasihi na muziki ni ya kambo, yangoje makombo. Nasema kwamba elimu haina mtoto wa kambo, na kwamba anayewanyima chakula hawa watatu humdhoofisha hata yule mmoja ampendaye.

Na tuchukue sarafu. Hakuna kitu kilicho mali ya mwanafunzi wa fedha kuliko sarafu. Watawala wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba karne nyingi kabla ya Wareno kuuteka mji ule mwaka 1505. Ziko miongoni mwa sarafu hizo ambazo upande wao mmoja umeandikwa kwa Kiarabu maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na upande wa pili jina la mtawala. Na maneno ya pande hizo mbili yamepangwa hata yakatoa kina kimoja, kama vipande viwili vya ubeti. Sarafu moja ya Kilwa ilikutwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hata leo wataalamu hujadiliana zilifikaje huko.

Basi mzee wangu na anionyeshe mahali pa kuikata sarafu hiyo. Akitupa ushairi, amefuta maandishi yake. Akitupa wafalme waliokufa, hajui ilipigwa zama gani. Akitupa habari za dhahabu ya Sofala iliyoitajirisha Kilwa, hajui mji ule ulipata wapi nguvu ya kuwa na sarafu yake. Atakachobaki nacho mkononi ni kipande cha shaba, na shaba hiyo haimwambii kitu.

Watetezi wa fedha husema kwamba hesabu zatosha kumlinda mtu na hasara. Ingekuwa hivyo, asingekuwapo mtu aliyelindwa kuliko Isaac Newton, aliyepima mwendo wa sayari na kuueleza kwa hesabu. Lakini mwaka 1720 Newton alipoteza mali nyingi katika hisa za kampuni ya South Sea, pamoja na Waingereza wengine waliodhani kwamba bei inayopanda leo itapanda milele. Miaka 200 baadaye, mwaka 1920, mtu aliyeitwa Charles Ponzi aliwaahidi watu wa Boston, Marekani, faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Hakuwa na biashara yoyote iwezayo kuleta faida hiyo. Aliwalipa waliotangulia kwa fedha za waliofuata, na waliofuata walipoingiwa na shaka, mnara wake ukaanguka.

Hapa Kenya, katika miaka ya 2006 na 2007, maelfu ya watu walitia akiba zao katika miradi ya piramidi iliyokuwa na sura ile ile. Akiba za uzeeni zilipotea, na karo za watoto pia. Je, watu hao hawakujua kujumlisha? Walijua, tena kwa kujumlisha ndiko walikoona faida waliyoahidiwa ilivyo kubwa wakaitamani. Wasichokuwa nacho ni habari ya Ponzi. Mtu aliyeisoma habari hiyo shuleni, akaikumbuka, angalimwambia jirani yake: "Mchezo huu ni wa mwaka 1920, na mwisho wake unajulikana." Maneno hayo machache yangaliokoa mashamba. Na sasa tuulize tena: historia hailipi?

Historia ya nchi yetu wenyewe haiwezi kusomwa bila fedha, wala fedha zetu haziwezi kueleweka bila historia. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya kibanda. Mtu mwenye mbuzi, mtama na afya njema alijikuta ana deni asilolikopa. Akalazimika kuuza mali yake au kwenda kuuza nguvu zake kwa mshahara. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa kiasi cha theluthi. Harry Thuku alisimama kuyapinga mambo hayo pamoja na kipande, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwanafunzi asomaye habari hiyo kama orodha ya majina na tarehe hajaielewa. Na mwanafunzi asomaye kodi na mishahara bila kuijua habari hiyo atadhani kwamba kodi ilishuka kutoka mbinguni, na kwamba mshahara hupangwa na mvua.

Sasa nije kwa fasihi, ambayo wengi huidhani pambo la watu wasio na haraka. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Aliyatazama majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa yamejaa taa na vyombo vya thamani, akayaona yamekuwa makao ya popo na kiota cha ndege, akauliza moyo wake unategemea nini. Mwalimu wa fedha humfundisha kijana namna ya kupata. Anafanya vyema. Lakini kijana afundishwaye kupata tu ameonyeshwa ukurasa mmoja wa daftari, ule wa mapato. Al-Inkishafi humfunulia ukurasa wa pili: kwamba mali huondoka, kwamba miji huanguka, na kwamba mtu asiyejiuliza mali yake ni ya nini huanguka pamoja nayo.

Tena iko faida nyingine ya fasihi, nayo ni ya sokoni hasa. Siku hizi kijana hukopa kwa simu yake akiwa njiani. Huletewa masharti marefu, naye huyakubali kwa kidole bila kuyasoma. Nani atakayeyasoma masharti hayo hadi mwisho, akauliza kwa nini limetumiwa neno hili badala ya lile, na ni jambo gani lililofichwa baina ya mistari? Ni yule aliyezoezwa darasani kukaa na ubeti mmoja saa nzima mpaka utoe siri yake. Mkataba ni maandishi, na mwenye kudhulumu kwa mkataba hudhulumu kwa maneno kabla ya kudhulumu kwa tarakimu.

Na muziki je? Hili ndilo somo linalochekwa kuliko yote, hata na walimu. Nami nauliza: kama wimbo ni kitu duni, mbona wenye bunduki huuogopa? Mwaka 1929, wakati wa mzozo wa Wagikuyu na wamisheni juu ya tohara ya wasichana, nyimbo za Muthirigu zilienea vijijini kwa kasi. Na mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku. Si lazima tuliunge mkono kila jambo lililosemwa na nyimbo zile ili tuone maana ya amri ile. Serikali yenye askari, magereza na hazina iliona kwamba sauti za vijana wasio na kitu zinaitikisa. Haikuudharau muziki kama tunavyoudharau sisi.

Tazama pia Siti binti Saad, aliyezaliwa katika umaskini kijijini Fumba, Unguja, akapanda hadi kusafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kutiliwa nyimbo zake katika sahani za santuri. Katika taarabu yake mliimbwa mambo ya mjini: mapenzi, jeuri, na kesi za mahakamani. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu uliochapishwa mwaka 1958. Wataalamu wa historia wa siku za baadaye walipotaka kujua wanyonge wa Unguja waliionaje haki ya wakubwa wao, walizisikiliza nyimbo hizo, kwa sababu makarani wa serikali hawakuandika mambo ya namna hiyo katika majalada yao. Basi nyimbo zake zilikuwa muziki, zikawa fasihi, na sasa ni hati za historia. Na sahani zile ziliuzwa madukani, kwa hiyo zilikuwa biashara pia.

Hapa sina budi kuwageukia rafiki zangu wa upande wa pili, maana nao wana kosa, tena wamelizoea mpaka wanaliona sifa. Wako walimu wa fasihi na wapenzi wa sanaa wanaoitaja fedha kwa kukunja pua, kana kwamba daftari la hesabu lingewachafua vidole. Kwao msanii wa kweli hufa maskini. Maneno hayo ni mazuri kwa asiyekufa yeye. Wimbo wa "Malaika," unaomhusu kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali, ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ukaimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi, ukazunguka dunia. Lakini ni nani hasa aliyeutunga, na ni nani aliyestahili kula jasho lake, ni ubishi ambao haukwisha. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Ulinzi huo wamfaa nini mtunzi asiyejua kuwa upo, au aliyetia sahihi mkataba asiouelewa? Mwalimu wa muziki asiyemfundisha mwanafunzi wake kusoma mkataba humtuma sokoni akiwa amefunikwa macho. Basi dhambi ya kugawa elimu ina wakosaji pande zote mbili.

Najua neno litakalosemwa: saa za shule ni chache, mtihani ni mmoja, na mshika mbili moja humponyoka. Tena katika mtaala mpya wa Kenya, mwanafunzi aingiaye Gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Je, nataka kila mtu asome kila kitu? La. Mtu mmoja hawezi kulima bonde zima. Kuchagua ni lazima, na kuchagua vyema ni busara. Lakini kuchagua si kudharau. Mkulima wa mahindi hamtukani mkulima wa maharagwe, kwa maana anajua atakula githeri. Anayechagua hesabu na awe na kitabu kimoja cha historia kando ya kitanda chake. Anayechagua muziki na ajue kuandika mapato na matumizi yake. Saa za darasani ni chache, lakini Jumamosi ni ndefu, na maktaba haiulizi mtu yuko mkondo gani.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wanafunzi, ambao ndio mliouziwa ng'ombe: msikubali kuambiwa na yeyote, awe mzazi, mwalimu au mwenzenu wa dawati, kwamba nusu ya akili yenu haina kazi. Mkiulizwa historia ni ya nini, jibuni kwamba ni ya kutotapeliwa mara mbili kwa hila moja. Mkiulizwa fasihi ni ya nini, chukueni mkataba wowote mkausome kwa sauti, na muulizaji atajibiwa. Mkiulizwa muziki ni wa nini, mwulizeni nani aliyepata kuutia wimbo gerezani akafaulu. Na mkiulizwa fedha ni za nini, msikunje pua. Jibuni kwamba ni za kumtunza mwenye kufanya kazi, awe mkulima au mpiga zeze.

Ama yule mzee wa mkutanoni, namwomba radhi kwa kunyamaza kwangu siku ile. Nilistahili kumwambia mbele ya wote kwamba alitaka kumpa mwanawe urithi mwema, lakini alikuwa karibu kumpa sarafu ya Kilwa iliyosuguliwa mpaka maandishi yakafutika pande zote.