Tusimtwike Fundi Lawama za Mwenye Nyumba

Ndugu msomaji, ukipita siku hizi katika miji yetu ya magharibi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, na kutoka huko ukashika njia ya kuja kwetu Malakisi, utaona jinsi watu walivyopenda kutandaza mbele ya nyumba zao yale matofali ya saruji tunayoyaita kabro. Dukani utayakuta, kanisani utayakuta, na boma la mtu aliyestaafu juzi, kama mimi, halihesabiwi kuwa limekamilika mpaka gari lipite juu yake kutoka langoni hadi barazani. Sina ugomvi na jambo hilo. Matope ya kwetu wakati wa mvua tunayajua wenyewe, wala hayana fahari.

Ugomvi wangu ni mwingine, na kwanza ni ugomvi na nafsi yangu.

Nilipopata malipo yangu ya kustaafu ualimu, niliamua kumtengenezea mama njia ya kuingilia nyumbani kwake, ili mwenye umri ule asitelezeteleze na mkongojo wake. Nikamwita fundi, kijana mpole mwenye maneno machache. Akapima, akanyosha uzi, akaniandikia hesabu. Nilipoisoma nilishtuka. Karibu nusu ya fedha ilikuwa ya vitu ambavyo havitaonekana: kuchimba, mawe, murram, kushindilia, na zege la kushikilia kingo pande zote mbili.

Nikamwambia, "Kijana, hizi ni pesa za kuzika ardhini. Ondoa kingo, ondoa mawe. Mwaga mchanga, panga kabro, basi."

Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, matofali bila kingo ni kama ng'ombe wasio na boma. Yatatawanyika."

Nilimcheka. Nikamwambia kama hataki kazi, mafundi wako tele sokoni. Naye alikuwa na watoto wa kulisha, akafanya nilivyotaka. Kazi ilipokwisha ilipendeza kweli kweli, na majirani wakaja kuitazama. Nilimlipa nusu, nikamwambia nusu nyingine aje mwisho wa mwezi.

Kabla ya mwisho wa mwezi mvua ilinyesha, kisha likaja lori lililoleta mahindi. Gurudumu moja lilipita ukingoni, na matofali ya upande ule yakasogea nje kama meno yaliyolegea. Maji yakaingia, mchanga ukatoka, udongo wa chini ukawa uji. Mama alikanyaga tofali lililoinuka upande mmoja, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Fundi alipokuja kudai haki yake, nilimtukana mbele ya majirani. Nikamwita mwizi na mharibifu, nikakataa kumlipa. Akatazama chini, akaenda zake. Hakusema hata neno moja la kujitetea, ingawa kweli yote ilikuwa yake.

Sasa turudi kwenye kazi yenyewe, maana wengi tunaamuru tusilolijua. Kabro hazishikwi na saruji kati ya moja na nyingine. Zinashikana kwa kubanana, na mchanga mkavu unaofagiliwa ndani ya nyufa ndio unaozikaza. Gari likipita, uzito hauendi chini tu. Unasukuma pia pembeni. Kila tofali humwegemea mwenzake, na la mwisho huegemea kingo. Kingo ikikosekana, la mwisho halina wa kumwegemea. Likisogea kidogo, la pili hulifuata, na la tatu nalo, mpaka njia nzima imelegea.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani, maana huo huoza na kubonyea. Kwa njia ya gari dogo huchimbwa karibu futi moja. Hapo huja mawe au murram yenye unene wa sentimita 15 hivi baada ya kushindiliwa, na kama udongo ni wa mfinyanzi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, huongezwa zaidi. Murram hunyunyiziwa maji kiasi na kushindiliwa kwa tabaka, si kumwagwa yote mara moja na kupigwapigwa juu.

Kisha huwekwa kingo, na huwekwa kabla ya kabro. Hukalishwa juu ya zege, na kwa upande wa nje huwekewa zege jingine la kuziegemeza, lipande hadi kama nusu ya kimo chake. Zege hilo huachwa siku kadhaa likomae kabla ya kupitisha mashine ya kushindilia karibu nalo. Ndani ya kingo ndipo hutandazwa mchanga wa sentimita 3 hadi 5, usawa wake ukafuatwa kwa uzi na pima maji. Kabro za njia ya miguu huwa na unene wa milimita 60. Za kupitisha magari ni 80. Na yote hayo yawe na mteremko wa kutoka nyumbani kwenda nje, kiasi cha sentimita 10 kwa kila mita 4, ili maji yasisimame.

Je, maarifa hayo ni mageni kwetu? Hata kidogo. Warumi walioanza kuijenga barabara yao ya Via Appia mwaka 312 kabla ya Kristo walipanga tabaka za mawe na kuweka kingo pembeni. Lakini hatuna haja ya kwenda Roma. Wazee wa Kibukusu waliishi ndani ya maboma yaliyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Chetambe, karibu na Webuye, ndipo walipopambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Na mama zetu waliokandika nyumba kwa udongo na samadi walijua kwamba ukuta huliwa kuanzia chini, kwa hiyo waliuzungushia kikuta kifupi cha kuzuia maji ya paa. Sisi tuliosoma ndio tuliosahau kutazama chini.

Fundi mwingine, mtu mzima, alipokuja kurekebisha njia ya mama, alifukua tofali moja, akatia kidole mchangani, akaniuliza, "Ni nani aliyeamuru kazi hii ifanywe namna hii?" Mama alikuwa barazani, mkono wake umefungwa bendeji. Akanitazama. Nilijibu kwamba ni mimi.

Nilimtafuta yule kijana, nikamkuta Kitale akichanganya zege. Nikampa fedha zake zote, nikamwomba radhi, na majirani wale wale waliosikia matusi nikawaeleza kweli ilivyokuwa. Nikamwomba aje akamilishe kazi iliyosalia. Akanijibu kwa upole ule ule, "Mwalimu, pesa nimepokea, na msamaha nimepokea. Lakini Malakisi sirudi. Huko jina langu limekwisha kuharibika."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Tofali likisogea hurudishwa mahali pake kwa siku moja. Jina la fundi haliokotwi hivyo. Kijana anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, akapata cheti cha daraja la 3, akapanda hadi la 1, na bado mwenye fedha asiyejua mwiko ushikwe wapi akamwamuru afanye kosa, kisha akamtwika kosa lenyewe.

Kwa maoni yangu, fundi anapoandika hesabu, atenge ukurasa wa kazi ya chini, na mwenye nyumba akikataa kitu, atie sahihi kwamba amekikataa yeye. Na pale serikali ya kaunti inapotandaza kabro sokoni kwa kodi yetu, wananchi tusingoje siku ya kukata utepe. Twende siku ya kuchimba, tutazame mawe na kingo kabla hazijafunikwa.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nasema njia njema si kabro zake. Fukua uone chini. Na kabla hujamwita fundi mwizi, jiulize kwanza ulimkatalia nini.